Kompyuta ya Kona

Absalom Obiero alimpa mgeni wake kikombe cha chai na kusema, "Kunywa, Inspekta. Mimi nimeshakunywa."

Inspekta Maximilla Nasipwondi alikiangalia kibirika juu ya jiko. Kilikuwa kidogo, cha kumtosha mtu mmoja, na sasa kilikuwa kitupu. Mdomo wa mzee ulikuwa mkavu. Hakunywa kitu huyu, Inspekta alijua, lakini hakumwaibisha. Alipokea kikombe na kuitazama nyumba.

Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, Mamboleo, pembeni ya mji wa Kisumu, nyuma ya wauza mbao. Kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia mwenyewe Obiero. Cha pili kilibidi kwanza kiondolewe rundo la nguo zilizokunjwa, na chini ya nguo mto ulikuwa na vumbi. Inspekta alipokuwa akiuliza njia asubuhi ile, wanawake waliokuwa wakifua walimwonyesha mlango kwa kidevu. Hakuna aliyelitaja jina.

"Kesho unasimama mbele ya hakimu," alisema. "Meneja wenu wa kiwanda cha samaki, Bwana Wasike, ameandikisha kwamba ulihongwa, ukaingiza kiwandani lori la mbuta kutoka ufuo wa Koluoch wakati bichi hiyo imezuiwa. Samaki wale wamechanganyika na wengine, mzigo wote umezikwa, na wanunuzi wa Ulaya wamekasirika. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho na faili hii. Nieleze tena. Polepole, kama hujawahi kuniona."

"Nimeeleza mpaka ulimi umechoka, mama."

"Sasa nieleze na huo ulimi uliochoka."

Mzee alicheka kidogo puani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri kuliko la mtu anayekwenda kazini.

"Zamani mlango ulikuwa unasikiliza simu," alianza. "Mkubwa fulani anapiga: Obiero, lori la shemeji yangu lipite. Mwingine anapiga: lipite. Halafu watu wakatia sumu majini, wazungu wakaogopa samaki wetu, tukafungiwa. Waliporudi wakatoa masharti. Mkaguzi wa mlango asimsikilize mtu. Asikilize ukurasa wa kompyuta peke yake, ule maabara yetu wanaujaza kila alfajiri. Kila bichi iko pale na rangi yake. Kijani, pitisha. Nyekundu, rudisha. Sasa mimi kila asubuhi naenda saiba ya Kinyua mjini, pale pa kompyuta za kulipia, naangalia, ndio naenda kufungua geti."

"Siku ile uliona nini?"

"Tarehe ya siku ile, juu kabisa. Bichi mbili nyekundu, nikarudisha malori yao. Uliza madereva, walinitukana mpaka na mama yangu. Koluoch ilikuwa kijani. Kijani kama nyasi."

"Wasike alikwenda saiba hiyohiyo, siku hiyohiyo, akafungua ukurasa huohuo. Aliona njano. Njano maana yake ni kungoja: samaki wamepimwa lakini jibu halijatoka."

"Wameniimbia hiyo njano. Mimi sijawahi kuona njano."

"Siku ile."

"Siku yoyote, mama. Hata leo ndio nasikia kuna rangi ya tatu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Mwongo ana njia rahisi ya kutokea: niliona njano, macho ya uzee, nikadhani kijani. Hakimu angemhurumia kidogo. Obiero alikuwa ameiacha njia hiyo na kuikataa njano yote, ya siku zote, jambo ambalo halimsaidii chochote isipokuwa liwe kweli.

Au haoni rangi.

"Ule mtungi nje, wa jirani. Rangi gani?"

"Njano. Wa mafuta ya kupikia."

"Na kitambaa kilichoanikwa juu yake?"

"Kijani, na kimechanika. Inspekta, mimi si kipofu. Mimi ni mtu wa peke yangu tu."

"Nani alikuwa nawe saiba?"

"Nani atakaa na mimi? Mimi ndiye wa kurudisha malori. Wavuvi wanasema nawafungia ziwa. Hata lori la watoto wa dada yangu nililirudisha, siku ya nyekundu. Tangu hapo kukiwa na matanga kwetu, nasikia kwa redio kama mgeni." Alinyoosha mkunjo wa suruali gotini. "Wewe kunywa chai, inapoa."

Inspekta aliinywa yote.

*

Maabara ya kiwanda ilikuwa Milimani, katika nyumba iliyowahi kuwa ya kuishi watu. Jikoni mlikuwa na darubini na friji za samaki. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Perez Anyango, binti aliyeutengeneza ukurasa ule na kuutunza. Alikuwa amevaa sweta kubwa kuliko yeye. Chini ya meza yake mtoto wa miezi michache alikuwa amelala ndani ya karai la plastiki lililotandikwa leso.

"Samahani, afande. Msichana wa kumshika hakuja. Tafadhali usimwambie Bwana Wasike."

"Mtoto si kesi yangu. Njano ni kesi yangu. Uliiweka lini?"

"Aprili, baada ya Pasaka. Kabla ya hapo zilikuwa rangi mbili tu. Wazungu wakasema wanataka na ya katikati, ya kungoja."

"Mkaguzi wa mlango aliambiwa?"

Perez aliangalia karai. "Kulikuwa na mkutano Nairobi. Watu wa mlango hawakuitwa. Bwana Wasike alisema rangi inajieleza yenyewe. Mtu akiona njano atauliza."

"Na kuna aliyeuliza?"

"Mkaguzi wa mlango wa Homa Bay. Siku ileile ya Koluoch, asubuhi. Alinipigia: Nyar Kisumo, binti wa Kisumu, hii njano ni ya nini, bichi imepata homa ya manjano? Nikacheka. Nikamwambia angoje."

"Kabla ya siku ile kulikuwa na bichi yoyote iliyopewa njano?"

"Hapana. Koluoch ndiyo ya kwanza. Mpaka leo ni hiyo peke yake, jibu halijarudi."

Inspekta aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Alikuwa amekuja na shaka moja mfukoni: kwamba huenda Perez aliibadilisha Koluoch kuwa njano baada ya lori kupita, kujiokoa. Homa Bay walikuwa wameiua shaka hiyo. Asubuhi ile njano ilikuwapo. Mkaguzi mmoja aliiona akapiga simu. Mwingine hakuiona.

"Perez, watu wawili wanaweza kufungua ukurasa mmoja, wakati mmoja, wakaona vitu viwili?"

"Haiwezekani. Ukurasa hauko mahali umekaa, afande. Mtu akiuita, kompyuta yetu inasoma matokeo ya maabara na kuuandika upya palepale. Kila mtu anapata wa moto." Alisita. "Labda kama amedanganya."

Alilisema la mwisho kwa sauti ndogo, kama mtu anayetamani liwe kweli. Mtoto aliamka. Inspekta alisubiri anyonyeshwe, kisha akasema, "Chukua leso yako. Twende mjini."

*

Saiba ya Hiram Kinyua ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kulikuwa na kompyuta tatu zinazofanya kazi na moja iliyofunuliwa matumbo. Modemu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu ikatulia.

Kinyua alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye kalamu nyuma ya kila sikio. "Karibu, afande! Madam Perez, karibu, huyo mdogo naye anataka kutuma barua pepe? Kaa hapa dirishani, ndiyo mpya, ndiyo naweka wageni wa maana."

"Bwana Wasike alikaa wapi alipokuja?"

"Hapohapo ulipokaa. Meneja mzima nitamweka wapi?"

Inspekta aliufungua ukurasa. Ulishuka mstari kwa mstari. Tarehe ya leo. Majina ya fuo yakatokea, mengi ya kijani, moja jekundu. Koluoch ilikuwa ya njano, inang'aa kama ganda la ndizi.

"Unaona," Perez alisema, na kujilegeza kwenye kiti.

"Naona." Inspekta hakuinuka. "Bwana Kinyua, Mzee Obiero hukaa wapi?"

"Obiero? Obiero ana yake." Kinyua alielekeza kalamu upande wa nyuma, kwenye kona iliyopita kabati, ambako mwanga wa dirisha haukufika. "Ile mzee kama yeye. Nimemwambia mara nyingi, mzee, njoo dirishani upate hewa. Hataki. Anasema dirishani watu wa stendi wanamwona, wanaanza maneno. Anaketi pale, mgongo ukutani. Namfungulia ukurasa, anasoma, anashukuru, anaenda. Hagusi kitu. Anaogopa hata kipanya."

"Polisi au Wasike, kuna aliyeiwasha ile?"

"Ya nini? Kompyuta si ni kompyuta?"

Inspekta alikwenda kwenye kona. Kiti cha pale kilikuwa cha mbao, bila mto. Kinyua aliiwasha mashine, ikanguruma kwa muda mrefu, kisha akaufungua ukurasa kama alivyozoea kumfungulia mzee.

Ukaja. Tarehe ya leo. Moja nyekundu, ileile ya dirishani.

Koluoch ilikuwa ya kijani.

Chini, muuza vitambaa alikuwa akibishana na mteja juu ya pindo. Perez aliinama mpaka pua yake karibu iguse kioo.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Imekwama tu. Ngoja niiambie ivute upya." Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

Inspekta aliudaka mkono ule hewani.

"Usiguse."

"Nataka tu—"

"Najua unachotaka. Ukibonyeza hapo, nini kitatokea?"

Perez aliiangalia kibodi. "Itakwenda kuchukua vyote upya. Itakuwa njano."

"Na Obiero atakuwa mwongo milele. Kaa chini, binti yangu. Mpe mtoto maziwa. Bwana Kinyua, usikanyage hata waya."

Alitoa kamera mkobani. Alipiga picha ya kona, kisha ya dirisha, kisha akamsimamisha Kinyua katikati ili zote mbili zionekane nyuma yake. "Simama vizuri. Usitabasamu, hii si harusi." Ndipo alipovuta kiti.

"Sasa nifundisheni kama mtoto. Ukurasa huu si wa zamani, tarehe ni ya leo na nyekundu ni ya leo. Kwa nini rangi moja imekosekana?"

Perez alikuwa amekwisha kuelewa. Ilionekana kwa jinsi alivyomkumbatia mtoto. Alizungumza akiitazama sakafu.

"Maneno na rangi haviji pamoja, afande. Ukurasa unaleta maneno. Unasema: Koluoch, hali yake ni kungoja. Lakini kungoja kunavaa nguo gani, hilo limeandikwa katika faili nyingine, faili ya rangi. Maneno nilikataza yasihifadhiwe, lazima yaje ya moto kila mara. Faili ya rangi sikuikataza. Niliona haibadiliki."

"Halafu ukaibadilisha."

"Aprili. Ndio."

Kinyua alijikuna kichwani. "Hapo na mimi niko. Hii ya kona ni kobe. Ukiiacha iulize mtandaoni kila pambo, mteja analala, na bili ya simu inakimbia. Kwa hivyo niliiambia: kitu ukiwa nacho stoo, tumia cha stoo, usiulize tena. Zile zingine nimeziacha ziulize."

"Basi hii inapokea maneno ya leo," Inspekta alisema, "na kuyavisha nguo za kabla ya Pasaka."

"Ndio."

"Na katika nguo za kabla ya Pasaka hakuna njano. Mbona basi Koluoch haikutoka nyeusi, au tupu? Mbona kijani?"

Perez aliielekezea kidole orodha ya majina.

"Kijani ndiyo rangi niliyoweka ya kila jina. Nyekundu nikaiandikia amri yake. Jina lolote lisilo na amri linabaki kijani. Nilifikiri bichi nyingi zitakuwa wazi, nikapunguza kuandika."

"Kwa hivyo kompyuta ikikutana na kitu isichokijua, inakiita salama."

Binti alianza kulia, bila sauti, akipangusa machozi kwa pembe ya leso ya mtoto. Kinyua alitoka akarudi na soda, akaifungua, akaiweka mbele yake.

"Bwana Kinyua," Inspekta alisema, "mpigie Bwana Wasike. Mwambie namngoja hapa."

*

Wasike alipanda ngazi akihema. Alikuwa na tumbo na tai, na alimwona mtoto kabla ya kuona kitu kingine.

"Perez, hii ni nini? Kazi na unyonyeshaji?"

"Huyo ni shahidi," Inspekta alisema. "Tazama huku, kisha utazame kule."

Alitazama. Alikwenda dirishani, akarudi kona, akaenda tena dirishani. Shingo yake ilianza kutoka jasho.

"Ameichezea," alisema. "Obiero huyu. Anakaa hapa kila siku peke yake gizani, unafikiri anafanya nini? Ameichezea mashine ajitafutie ushahidi."

"Bwana Kinyua, ameweza?"

"Obiero? Siku moja kishale kilipotea pembeni ya kioo, akaniita akasema kimeanguka. Alikuwa anakitafuta chini ya meza."

"Kama si yeye basi ni huyu." Wasike alimnyooshea Perez kidole. "Au wewe Kinyua. Ukurasa umekuwapo tangu Januari, mbona makosa yawe siku moja tu, ya lori moja?"

"Kwa sababu Koluoch ndiyo bichi ya kwanza kupewa njano," Inspekta alisema. "Kabla ya hapo hapakuwa na cha kukosa. Kinyua, ile faili ya rangi iliyoko stoo ya mashine hii, iliingia lini?"

Kinyua alipekua folda, akasoma kwa sauti. Februari. Hakuna aliyeigusa tangu hapo.

"Hayo ni maneno yenu ya kompyuta," Wasike alisema.

"Basi tuache maneno. Tujaribu mbele yako. Perez, badilisha rangi ya kichwa cha ukurasa. Chagua ambayo hakuna mtu angeikisia."

Perez alimkabidhi Kinyua mtoto, akaketi dirishani. Aliandika, akatuma. Walingoja. Dirishani kichwa cha ukurasa kilirudi cha zambarau, kama vazi la askofu. Wakaenda kona. Kichwa kilikuwa kilekile cha zamani, na Koluoch kijani.

"Tena," Wasike alisema. Wakarudia kwa rangi ya chungwa. Dirisha likafuata. Kona haikujua habari.

"Na ukitaka kona nayo ijue, bila kuigusa?" Inspekta aliuliza. "Maana sitaki dawa ya Kinyua peke yake. Homa Bay wana kona zao. Ulaya wana kona zao. Huwezi kupanda ngazi za dunia nzima ukibonyeza."

Perez alifikiri. Mtoto alimshika Kinyua kalamu ya sikio.

"Faili nimeiita jina moja tangu ianze," alisema polepole. "Mashine inasikia jina, inasema huyu namjua, yuko ndani. Haiendi kumwangalia kama amekua." Aliinua kichwa. "Afande, kwetu mtoto anaitwa kwa wakati aliozaliwa. Mimi ni Anyango, nilikuja jua likiwa limepanda asubuhi. Kaka yangu ni Ochieng, wa mchana wa jua kali. Mama akijifungua wa pili hawezi kusema naye ni Anyango tu, tutajua mbele ya safari. Na hii faili nimeizaa mara ngapi? Kila mara nikaipa jina la wa kwanza."

"Sasa?"

"Sasa kila nikiibadilisha, itabeba saa yake ndani ya jina. Na ukurasa ndio utaitaja, maana ukurasa unaandikwa upya kila mara. Utasema: leo namtaka yule wa Mei, wa saa hii. Mashine itatafuta stoo, itakuta hayuko. Lazima iende kumchukua."

"Ifanye."

Aliifanya. Haikuwa kazi ndefu. Mistari miwili kwenye programu yake, na jina jipya. Walihamia kona wote wanne na mtoto, wamebanana kati ya kabati na ukuta. Kinyua aliuita ukurasa kwa njia ileile aliyomfungulia Obiero kila asubuhi, bila kufuta kitu, bila kubonyeza kitu kingine.

Kichwa kilikuja cha chungwa. Majina yakashuka. Koluoch ikatokea ya njano.

Wasike aliketi juu ya kiti cha mbao.

"Mimi nilikaa dirishani," alisema.

"Ndio."

"Nikaapa."

"Uliapa ulichokiona. Hukuuliza mwenzako aliona akiwa wapi." Inspekta alifunga kifuniko cha lenzi. "Kuna malalamiko ya hongo bila mtoaji, bila mpokeaji, na bila hata senti iliyoonekana. Unataka twende nayo kesho kwa hakimu, au?"

"Nayaondoa." Alilegeza tai. "Na huyu binti?"

Perez alikuwa amemchukua mtoto wake, amesimama wima kama mtu anayesubiri kupimwa.

"Huyu binti," Inspekta alisema, "amesema makosa yake mbele ya mashahidi na kuyatengeneza ukiwa unatazama. Wewe ulikuwa Nairobi kwenye mkutano wa rangi ya tatu, na mtu wa mlango hukumwita. Ukianza kufukuza, anza juu."

Kinyua alikohoa ghafla, akageukia modemu.

"Kesho aje kazini," Wasike alisema. "Aje na huyo mtoto, kama hana wa kumshika."

*

Alasiri Inspekta alirudi Mamboleo. Obiero alikuwa amekaa palepale. Nguo hazikuwa zimerudishwa kwenye kiti cha pili.

Alimweleza yote: kona, dirisha, nguo za kabla ya Pasaka. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kwa hivyo sikuona vibaya."

"Uliona sawasawa kilichokuwa mbele yako."

"Ni ile kona." Alivitazama viganja vyake. "Ningekaa dirishani na watu."

"Mashtaka yameondolewa, Mzee. Kesho huendi mahakamani. Barua itakuja."

"Ero kamano, asante." Alivikunja viganja. "Barua nitamsomea nani?"

Inspekta alifunga daftari lake.

"Siku mlipokuja na pingu," Obiero alisema, "mlinipitisha katikati ya soko. Hapakuwa na mtu ambaye hakuona. Leo wewe umekuja na habari njema, umepitia nyuma kwa wauza mbao."

"Ndiyo njia fupi."

"Ndio, ni fupi." Aliinuka, akachukua kofia msumarini, akaipiga vumbi. "Una watu hapa Kisumu, Inspekta?"

"Kwetu ni Bungoma; nilihamishiwa huku mwezi wa tatu. Niko peke yangu."

"Basi utajua. Twende. Nitakusindikiza mpaka stendi, na hatupiti nyuma."

Soko lilikuwa limejaa, saa zile za watu kutoka kazini. Walitembea katikati ya njia, bega kwa bega, kwa mwendo wa mzee. Mazungumzo yalikatika walipofika na kuanza tena walipopita. Mwanamke aliyekuwa akipima mahindi aliacha kopo la gorogoro hewani. Obiero alitazama mbele, kofia imenyooka.

Fundi wa baiskeli aliyekaa kando ya njia alipaza sauti, gurudumu mapajani.

"Afande! Unampeleka wapi tena huyo? Si mlimwachilia juzi tu, ama amewaibia na chakula cha seli?"

Kicheko kilipita kwenye vibanda. Obiero alisimama. Inspekta akasimama naye, akamgeukia fundi, na kusema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza nyanya:

"Simpeleki popote. Mimi ni mgeni wake. Asubuhi alinipa chai, nimerudi kumwambia hana kosa, na sasa ananisindikiza."

Fundi aliliangalia gurudumu lake. Mahali hapo hakuna asiyejua anayesindikiza ni nani: ni mwenye mji. Mfungwa hasindikizi.

Walianza kuondoka. Ndipo mama mnene wa kuuza omena, dagaa wa ziwani, aliyeketi juu ya debe lililopinduliwa, alipoguna kwa hasira.

"Koro, sasa, Baba Dorca! Mgeni anatoka kwako mkono mtupu? Unataka kwao Bungoma waseme nini juu yetu?"

Dorca alikuwa binti wa Obiero, aliyeolewa Nakuru. Mzee aligeuka taratibu, kama mtu asiye na hakika kwamba jina ni lake.

Mama yule alikuwa ameshachota omena, akawafunga ndani ya karatasi ya gazeti, akalikunja pindo vizuri. Inspekta alikuwa karibu naye zaidi, na alinyoosha mkono. Mama akaupita mkono wa Inspekta, akampa Obiero.

Obiero alilipokea furushi, akavua kofia, akamgeukia mgeni wake na kumpa.